Suti ya Arusi: Kwa Wakala au kwa Fundi?



Mavuno yakiisha kuingia ghalani, vijana huanza kusema habari za arusi. Na arusi siku hizi, hata katika vijiji vyetu, ina suti. Bwana arusi yampasa avae suti, msimamizi wake vivyo hivyo, na pengine baba mzazi naye hushonewa koti. Fedha inayotoka si kidogo. Kwa wanaume wengi hii ndiyo nguo ya bei kubwa kuliko zote watakazonunua maishani. Kwa hiyo juma hili twataka kuzungumza nanyi juu ya swali linaloulizwa katika nyumba nyingi: Je, yafaa kuagiza suti kwa wakala apitaye kijijini, au kumfuata fundi mwenyewe mjini?

Fundi ni yule akataye kitambaa na kukishona. Wakala ni yule ajaye siku ya gulio, tepu shingoni, na kitabu cha vipande vya vitambaa mkononi. Anakupima, anaandika namba zako, anapokea fedha, kisha anapeleka kazi mjini. Baada ya majuma mawili matatu anarudi na suti ndani ya mfuko.

Wako watu wasemao kwamba kila wakala ni mwizi. Maneno hayo si ya haki. Fanyeni hesabu. Suti ishonwayo vema yataka safari tatu: ya kupimwa, ya kujaribu, na ya kuchukua. Tuseme nauli ya kwenda mjini na kurudi ni shilingi 15,000. Safari tatu ni shilingi 45,000, bila chakula, na bila kuhesabu siku tatu ulizoacha kazi yako. Wakala akiongeza shilingi 30,000 juu ya bei ya fundi, bado umebakiwa na 15,000 mfukoni. Hapo hakukuibia. Amekufanyia kazi, naye amelipwa.

Basi, ubaya huingia wapi? Huingia mahali pane.

Kwanza, jicho. Tepu husema namba, lakini haisemi umbo. Mtu aliyezoea kubeba mizigo kwa bega moja huenda bega hilo limeshuka. Mwingine mgongo umeinama kidogo, mwingine tumbo limetangulia. Watu wawili wenye kifua cha inchi 38 waweza kuhitaji makoti yasiyofanana. Fundi akikuona kwa macho yake, hukata kwa jicho pia. Akipata karatasi tu, humkatia mtu asiyemjua.

Pili, namba zenyewe. Kuna kipimo cha mwili, na kuna kipimo cha nguo. Koti la mtu mwenye kifua cha inchi 38 halishonwi kwa inchi 38. Huongezwa inchi 3 au 4 ili mtu apate kupumua na kuinua mikono. Sasa, wakala akiisha kuongeza nafasi hiyo, na fundi asiyejua akaongeza tena, koti litakuwa gunia. Wakala asipoongeza, na fundi akadhani ameongeza, koti litabana kwapani. Kosa hili ni la neno moja tu lililokosekana katika karatasi, lakini laharibu nguo nzima.

Tatu, kitambaa. Ulionyeshwa kipande kizuri cha sufu, ukaletewa suti ya poliesta. Poliesta si kitambaa kibaya. Haijikunji upesi, nayo hufuliwa kwa urahisi. Ubaya ni kulipa bei ya sufu kwa kitu kisicho sufu. Kujua si vigumu. Chomoa nyuzi mbili tatu katika pindo la ndani, uziwashe nje ya nyumba. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake husagika vidoleni. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Pamba hunuka kama karatasi. Ukiona dalili mbili pamoja, huenda ni mchanganyiko.

Nne, na hili ndilo kubwa: jawabu. Suti imefika, imebaki siku tano kabla ya arusi, na koti halifungiki. Unamwendea wakala. Anakuambia, "Mimi sikushona. Mwulize fundi." Unampigia fundi simu. Anakuambia, "Nilifuata namba nilizoletewa. Mimi wewe sikujui." Kila mmoja ana neno la kusema, na fedha yako imekwisha kugawanywa. Wewe wabaki katikati na koti lisilofungika. Ndugu msomaji, si bei ya wakala iliyokuumiza. Umeumia kwa sababu hakuna aliyekubali kwamba suti ile ni kazi yake.

Tazama jinsi wengine walivyofanya. Kampuni ya Singer ya Marekani ilieneza cherehani zake duniani kwa njia ya mawakala, na tangu mwaka 1856 iliruhusu wanunuzi kulipa kidogo kidogo. Wakala aliyekuwa bado anadai, ilimpasa kurudi kwa mnunuzi. Na aliporudi, mwenye cherehani aliweza kumweleza shida yake. Na huko Leeds, Uingereza, kampuni ya Burton ilikuwa na kiwanda kikubwa cha suti. Watu walipimwa katika maduka ya miji yao, na oda ikapelekwa kiwandani. Lakini duka lilikuwa na jina lile lile la kiwanda. Suti ikiwa na kasoro, mtu alijua mlango wa kurudia.

Mwaona basi? Kuwa na mtu wa katikati si ubaya. Lililo muhimu ni mambo mawili: mtu huyo asimame kwa jina la nani, na abaki na sababu ya kurudi kwako.

Sheria nayo yasaidia kidogo. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, ina maneno juu ya uwakala. Wakala wa kweli hufanya kazi kwa niaba ya mwingine, na yule aliyemtuma hufungwa na mambo ambayo wakala amefanya kwa ruhusa yake. Lakini mchuuzi anayekusanya oda na kumtafuta fundi yeyote wa bei rahisi, huyo hakutumwa na fundi. Huyo ni mwuzaji wako, na jawabu lote ni lake. Yafaa ujue mapema unasema na yupi kati ya hao wawili.

Sasa haya ndiyo mashauri yetu.

1. Kama mji u karibu, au kama mwili wako si wa kawaida kwa mabega, mgongo au tumbo, nenda kwa fundi mwenyewe. Koti likiwa limepigwa bandi tu, livae, inua mikono, keti, inama. Wakati ule kosa hutengenezwa kwa dakika chache.

2. Kama mji u mbali, mwagize wakala, lakini mwulize: "Fundi wako ni nani?" Piga simu kwa fundi huyo mbele ya wakala. Akisema, "Ndiyo, huyu ni mtu wangu, na kazi akileta ni juu yangu," vema. Wakala akikataa kumtaja fundi, mwache aende zake.

3. Vipimo viandikwe mara mbili, karatasi moja ya wakala, na moja yako. Juu yake andika: "Vipimo vya mwili, inchi." Pamoja navyo andika umbo: bega la kulia limeshuka, mgongo umeinama. Picha mbili za simu, ya mbele na ya ubavuni, zitamsaidia fundi sana.

4. Kata kipande cha kitambaa ulichochagua, ukibandike kwenye karatasi yako. Ukinunua kitambaa mwenyewe, jua kwamba chenye upana wa mita 1.5, mtu wa wastani huhitaji mita 3 hadi 3.5 kwa suti nzima.

5. Agiza akiba ya kitambaa iachwe ndani ya mishono, hasa nyuma ya suruali kiunoni na ubavuni mwa koti. Mwaka ujao ukinenepa, mshono utaachiwa. Bila akiba hiyo, suti ni ya siku moja.

6. Usilipe fedha yote siku ya kupimwa. Toa ya kitambaa na sehemu ya ufundi. Iliyobaki itolewe siku utakapovaa na kuona. Hiyo iliyobaki ndiyo kamba imrudishayo mtu. Ukilipa kwa simu, hakikisha jina linalotokea ni la yule mliyepatana, na ujumbe usiufute. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

7. Taja siku ya kuletwa suti, nayo iwe majuma mawili kabla ya arusi. Mafundi wetu twawajua: "Njoo kesho" haiwaishi midomoni, hata kwa mtu aliyewafuata wenyewe.

Na ninyi mawakala na mafundi msomao gazeti hili, neno moja. Kijiji kina macho. Suti moja iliyokaa vema kanisani huonwa na watu mia tatu, na siku ya pili mtaulizwa mlipo. Iliyobana huonwa na mia tatu wale wale. Nanyi wateja, fundi akiisha kutimiza neno lake, mlipeni siku ile ile. Msimzungushe, maana naye ana watoto wanaongoja unga.

Akina mama, kitabu cha vitambaa kikifunguliwa barazani, msikae mbali. Ninyi mwajua kitambaa kwa kidole kuliko wanaume wengi. Kabla fedha haijatoka ndani ya nyumba, mwulizeni baba au kijana swali hili moja: "Koti likibana, nani atafungua mshono?" Akiweza kutaja jina la mtu na mahali anapokaa, na fedha itolewe. Asipoweza, mwambieni angoje kwanza.

Haya, kwa herini mpaka juma lijalo.