Mwenye Kisukari Aulizwe Wanga Gani, Si Wanga Kiasi Gani Tu

Mtu akiambiwa kwamba ana ugonjwa wa kisukari, shauri apewalo mara nyingi ni fupi: punguza wali, acha sukari. Shauri hilo si baya, lakini halitoshi. Kwa mtu wa Kiunga, ambaye chakula chake ni wali wa nazi na samaki, na asubuhi mahamri kwa chai, ni kama kuambiwa alale na njaa. Atalishika siku chache, kisha ataliacha. Na kisukari kisichoangaliwa huharibu macho, figo na miguu.

Samaki hana wanga, basi neno liko katika wali na mkate. Yafaa wasomaji wajue kwamba wanga wote si sawa. Mwaka 1981, Daktari David Jenkins na wenzake wa Toronto, Kanada, walieleza njia ya kuupima. Mtu ambaye hajala tangu usiku hupewa chakula chenye gramu 50 za wanga, kisha damu yake hupimwa mara kwa mara kwa muda wa saa mbili, na kupanda kwa sukari hulinganishwa na kule kunakoletwa na gramu 50 za glukosi. Kunde, dengu na maharagwe huipandisha polepole. Boflo na namna nyingi za mchele mweupe huipandisha upesi.

Lakini kipimo hiki huweza kudanganya. Tende zikipimwa hivyo huonekana si mbaya sana, wala hiyo si ruhusa ya kumaliza sahani nzima kwa kahawa. Tui nalo huchelewesha chakula tumboni, hata wali ukaonekana mwema kuliko ulivyo, na huku mafuta yake yakizidi hayaufai moyo.

Njia nyepesi ni kulinganisha wanga na nyuzinyuzi: katika kila gramu 10 za wanga pawe na angalau gramu 1 ya nyuzinyuzi. Gramu 100 za wali mweupe zina wanga kama gramu 28, na nyuzinyuzi hazifiki gramu 1. Kunde zilizochemshwa, uzito ule ule, zina wanga kama gramu 20 na nyuzinyuzi kama gramu 6. Nyuzinyuzi za mchele nyingi hubaki mashineni pamoja na wishwa, nasi tukawapa kuku.

Kwa maoni yetu, amwulizaye mgonjwa wa pwani habari za chakula asitumie orodha ya maswali iliyotungwa kwa walaji wa viazi. Aulize: mkate wa mofa ulikuwa wa mtama au wa unga mweupe? Unga ulichungwa? Maana mtama uliosagwa laini hupandisha sukari upesi kuliko ulioparazwa. Wali ulichanganywa na kunde au pojo, na kwa vikombe vingapi? Bila hayo majibu yote ya Kiunga yataandikwa "wanga" tu, na hapatakuwa na la kumshauri mtu.

Mwenye shamba asingoje maswali hayo. Mtama na kunde hustahimili ukame kuliko mahindi, na mistari michache ya kunde yatosha kuanzia. Mwenye kipimo cha sukari nyumbani apime kabla ya kula na saa mbili baadaye, siku moja wali mtupu, siku nyingine nusu wali nusu kunde, kikombe kile kile, aandike. Lakini adungwaye sindano ya insulini asibadili chakula kabla ya kusema na daktari wake, maana dawa ya kiasi cha zamani juu ya chakula kipya huweza kuishusha sukari mno, hata akaanguka.