Shanga za Endulen zinahitaji msomi

Mwanamke wa Endulen, wilayani Ngorongoro, hana shamba. Ndani ya Eneo la Hifadhi kilimo hakiruhusiwi, hivyo kilichobaki ni mifugo na shanga.

Shanga zenyewe hutoka mbali. Nyingi hutengenezwa Jamhuri ya Czech na China, na kabla ya kufika bomani zimeshapita mikononi mwa wafanyabiashara kadhaa, kila mmoja na faida yake. Anachouza mama huyu, kwa hesabu ya kiuchumi, ni saa zake tu. Mtalii hushuka garini, akapatana naye bei kama anayenunua nyanya.

Mwaka 2012 kampuni ya Louis Vuitton ya Ufaransa ilitoa mavazi ya wanaume yenye miraba ya shuka ya Kimasai. Hapo hakuna aliyepatana bei. Tofauti ilikuwa mbunifu na jina la kampuni.

Waingereza walilijua jambo hili zamani. Mwaka 1837 serikali yao ilifungua shule ya ubunifu mjini London. Haikuwa kwa kupenda picha. Bidhaa za viwanda vyao zilikuwa zikishindwa na za Wafaransa kwa sura. Shule hiyo ndiyo Royal College of Art ya leo, chuo kikuu cha uzamili na uzamivu, ambako hufundishwa usonara, ufinyanzi, nguo na mengineyo.

Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, alihitimu hapo mwaka 1982. Hatumii gurudumu, hufinyanga kwa mkono na kusugua chungu hadi king'ae, kazi ambayo bibi yeyote wa kijijini angeitambua. Baadhi ya vyungu vyake vimeuzwa mnadani kwa zaidi ya pauni 200,000 kimoja.

Wapo watakaosema wilaya inahitaji kwanza madaktari wa mifugo. Ni kweli, aliyeona ndama wakifa kwa ndigana hawezi kubisha. Ada ya London nayo ni kubwa mno. Lakini wafadhili wanaosomesha wataalamu wa malisho na maziwa wangeweza kutenga nafasi moja tu ya ubunifu, kwa mkataba wa kurudi nyumbani. Aanzie shahada ya kwanza Dar es Salaam au Makerere, kisha aende akajifunze kubuni bidhaa, kulinda mchoro kisheria na kupanga bei.

Nafasi hiyo apewe binti aliyekua akitunga shanga na mama yake, anayejua rangi ipi huvaliwa na nani.