Mzingile si Jina Lake

Twaambiwa siku hizi kwamba aliyechoka roho atembee katika labirinti, au apitishe kidole juu ya mchoro wake uliochongwa ubaoni, naye atatulia. Hilo silipingi. Ninalolipinga ni kuuita mchoro huo mzingile, kisha kuuuza utulivu wake kama kidonge.

Mzingile mwambiji, kwa Kiswahili tulichorithi, ni fumbo: jambo lililosokotana hata mtu asijue pa kuingilia wala pa kutokea. Labirinti ya kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, iliyotandazwa sakafuni mwanzoni mwa karne ya 13, haina njia panda hata moja. Upana wake haufiki mita 13, na njia yake ni yapata mita 260. Inazunguka, inajirudia, inakusogeza karibu na kitovu na kukutupa tena ukingoni, lakini ni moja tu. Aingiaye hufika. Nani basi atapotea humo?

Kosa hili ni la kale, na wenyewe Wazungu walilitangulia. Barazani mwa kanisa kuu la Lucca, Italia, ipo labirinti ndogo iliyochongwa ukutani, ya kufuatwa kwa kidole. Maandishi ya Kilatini ubavuni mwake yanasimulia kwamba ndiyo ile aliyoijenga Daedalus wa Krete, ambayo hakuna aliyeingia akatoka ila Theseus, kwa msaada wa uzi wa Ariadne. Weka kidole ufuate: uzi wa nini? Mchoro wasema hili, maandishi yasema lile, na sisi wafasiri tumezoea kuyaamini maandishi.

Ama kidonge. Lauren Artress, kasisi wa Grace Cathedral, San Francisco, aliiingiza nakala ya Chartres kanisani humo mwaka 1991, na tangu hapo labirinti zimeenea hata hospitalini na magerezani. Vyema. Lakini tusiambiwe kwamba ukimya ndio asili yake! Kule Auxerre, Ufaransa, makasisi walikuwa wakicheza juu ya labirinti yao siku ya Pasaka, wakiimba na kurushiana mpira, mpaka mchezo ukakomeshwa mwaka 1538. Ile ya Reims iling'olewa mwaka 1779; inasimuliwa kwamba kelele za watoto walioichezea ziliwaudhi wenye ibada.

Kinachotuliza, naona mimi, ni kutuliwa mzigo wa kuchagua. Msomaji wa tenzi analijua hilo: mizani nane kila kipande, na kile kina cha mwisho kinachorejea ubeti hadi ubeti. Moyo unatua kwa kuwa kanuni ipo. Wanaodai kuwa vina ni minyororo wakaitembee njia ya Chartres, wakiikuta siku haikufunikwa viti, kisha watwambie kama walifungwa.

Jina na liwe labirinti, kwa tahajia yetu, mpaka apatikane fundi wa kutunga lililo bora. Mzingile tuwaachie wenye mafumbo yao.