BARABARA HUPUMZIKA MVUANI, NA MTU JE?



Kila mtu aliyepata kusafiri kwenye barabara kubwa itokayo Kisangani, akapita Nia-Nia, Epulu na Mambasa mpaka akafika Komanda, anakijua kizuizi cha mvua. Ni mti mmoja tu uliolazwa kukata njia, na mlinzi wake amekaa chini ya kibanda. Mvua ikianza kunyesha, mti unashushwa. Lori likiwa la tajiri mkubwa au la mchuuzi wa ndizi, litasimama. Hata mvua ikikatika, lori litangoja saa kadhaa mpaka udongo ukauke. Dereva akipiga kelele, mlinzi humjibu neno moja: barabara imelowa.

Hatujapata kusikia mtu akisema kwamba mlinzi yule ni mvivu au ni adui wa maendeleo. Kila mtu anaelewa. Lori lenye mzigo likipita juu ya udongo uliolowa, linaharibu kwa saa moja kazi ya miezi mingi. Kwa hiyo barabara imepewa pumziko lake, na mlinzi wa kulitunza pumziko hilo.

Basi leo tunauliza. Mtu yule anayechimba mfereji kando ya barabara hiyo hiyo, mvua ile ile ikimpiga mgongoni, nani amemshushia kizuizi? Yule aliye juu ya nyumba akipigilia mabati, na wingu jeusi limekwisha kufunika msitu, mlinzi wake ni nani? Udongo umepata mtetezi. Mtu bado.

Mvua ya Ituri si mvua ya mchezo. Epulu, katikati ya msitu, hupata karibu milimita 1,700 za mvua kwa mwaka, na nafuu yetu kubwa ni miezi ya Desemba mpaka Februari. Tena mvua yetu haiji peke yake, huja na upepo na radi. Mwaka 2016 wataalamu waliochunguza radi za dunia nzima kwa chombo kilichoruka angani miaka mingi walitangaza hesabu zao. Mahali pa kwanza palikuwa ziwa la Maracaibo, nchi ya Venezuela. Mahali pa pili palikuwa Kabare, Kongo yetu ya mashariki, penye umeme wa radi zaidi ya mara 200 kwa mwaka katika kila kilometa moja ya mraba. Hakuna bara lenye radi nyingi kama Afrika, na sisi tunakaa katika kitovu chake.

Kwa hiyo tajiri wa kazi asituambie kwamba radi ni ajali isiyotazamiwa. Jambo linalokuja kila mwaka, katika miezi ile ile, mara nyingi saa za mchana zile zile, huwezi kuliita la ghafula. Wazee walisema dalili ya mvua ni mawingu. Aliyeyaona mawingu akawaacha watu wake juu ya jukwaa, amechagua mwenyewe.

Tutazame jinsi kifo kinavyoingia kazini.

Kwanza ni radi. Wengi wetu tukisikia ngurumo hukimbilia chini ya mti mkubwa, au kibanda cha majani, au turubai la kambi. Hapo si kimbilio. Mwezi wa Juni 2011, katika shule ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, Uganda, radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao wakiwa ndani ya darasa. Mwezi wa Novemba 2024, katika kambi ya wakimbizi ya Palabek, Uganda hiyo hiyo, iliua watu 14 waliokuwa wamekusanyika kusali. Kuwa chini ya paa hakukuwaokoa. Nyumba inayofaa ni ile imara ya kuta nzima, yenye njia ya chuma ya kuupeleka umeme ardhini. Penye ujenzi msituni, mahali pazuri mara nyingi ni ndani ya lori au gari lenye paa la chuma, vioo vimefungwa.

Pili ni upepo. Bati moja mikononi mwa mtu aliye juu ya paa ni kama tanga la mashua. Upepo ukilishika, unamchukua na mwenyewe. Jukwaa la miti lililofungwa kwa kamba, kamba ikilowa na miguu ya jukwaa ikizama katika tope, si jukwaa tena. Na katika msitu wetu, miti hukatika wakati wa dhoruba, nayo haichagui nani yuko chini.

Tatu ni udongo. Ndugu wa migodi, jambo hili mnalijua kuliko sisi waandishi. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu hivi, na udongo ulionywa maji ni mzito zaidi. Mtu aliyefukiwa mpaka kifuani hawezi kuvuta pumzi, hata kama kichwa chake kiko nje. Tarehe 11 Septemba 2020, huko Kamituga, Kivu ya Kusini, mvua kubwa ilijaza mashimo ya dhahabu maji na watu wapatao 50 walipotea. Mfereji wa barabara na msingi wa nyumba ni ndugu wa shimo la dhahabu. Mfereji wenye kina cha mita moja na nusu na zaidi hautakiwi kuingiwa bila mbao za kuzuia kuta, na baada ya mvua lazima mtu anayejua kazi aukague kwanza.

Hapa lazima tuseme jambo ambalo wengine hawatapenda. Mtu akipigwa na radi, mara nyingi kwanza tunatafuta nani aliyeituma. Tunamtazama jirani aliyegombana naye, au mama mzee wa mwisho wa kijiji. Ndugu, fikirini. Mama mzee yule hakumwambia fundi abaki juu ya bati wingu lilipokuja. Hakuandika katika daftari kwamba atakayeshuka atakatwa mshahara. Tunapomkimbilia mchawi, mwenye kosa anakwenda zake nyumbani kula chakula chake kwa amani. Tena wengine huogopa kumgusa aliyepigwa, wakidhani umeme bado umo mwilini. Haumo. Mguseni. Kama havuti pumzi, mkandamizeni kifua haraka haraka na kwa nguvu, mkiweza mumpulizie pumzi kinywani, na mtu mmoja akimbie kutafuta muganga. Wengi waliodhaniwa maiti wameokolewa hivyo.

Sasa tufike kwenye shina la jambo. Kwa nini mtu mwenye akili, mwenye mke na watoto, anabaki juu ya paa akiona radi kwa macho yake? Si ujinga. Ni daftari.

Mwandishi wa maneno haya ni karani wa mgodi, na kalamu yake imeandika siku za watu kwa miaka mingi. Anajua jinsi mambo yanavyokwenda. Kibarua wa siku analipwa siku aliyofanya. Mvua ikinyesha saa nane mchana naye akashuka, kapita anakuja kwa karani na kusema, andika nusu siku, au asiandike kabisa. Mahali pamoja, ambapo jina lake hatulitaji, fundi wa mabati aliambiwa amalize safu ya mwisho kabla ya mvua. Upepo ulimtupa chini, paja likavunjika. Kesho yake karani aliambiwa aandike mbele ya jina lake neno moja: hakufika. Naye karani aliandika. Tunakiri kosa hilo hapa, kwa sababu gazeti linalowadai wengine ukweli lazima lianze kwa kujidai lenyewe.

Mjue nguvu ya neno lile dogo. Sheria ya kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema kwamba kibarua wa siku akitimiza siku 22 za kazi katika muda wa miezi miwili, akaandikwa tena kabla miezi ile kwisha, mapatano yake yanahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho. Maana yake, anatoka katika ukibarua. Sasa angalieni. Siku za mvua zikifutwa katika daftari, mtu atafanya miezi miwili na hesabu yake haitafika 22. Na ajali ikiandikwa “hakufika”, haki yake ya ajali ya kazi katika sanduku la CNSS inapotea pamoja na siku hiyo. Kwa hiyo mvua haimlowanishi maskini mgongo tu. Inamlowanishia na karatasi yake, mpaka wino unafutika.

Matajiri wanatujibu hivi: Ituri mvua ni ya kila siku, tukisimamisha kazi kila wingu linapopita, nyumba haitakwisha wala daraja halitajengwa. Ni neno lenye uzito, na tunalijibu kwa heshima. Dhoruba ya radi mara nyingi haichukui siku nzima. Kazi ikianza saa 12 asubuhi, sehemu kubwa ya kazi za juu itakwisha kabla ya mawingu ya mchana. Wakati wa kungoja kuna kazi za chini ya paa: kukata na kufunga vyuma, kupanga mbao, kunoa vyombo. Tena saruji iliyomwagwa mvuani huoshwa na kupoteza nguvu, na mfereji uliochimbwa katika tope huchimbwa mara mbili. Kazi ya dhoruba ni hasara hata kwa mwenye mali. Mlinzi wa kizuizi alikwisha kulifahamu jambo hili kwa habari ya barabara. Tunaomba lifahamike kwa habari ya mtu.

Basi haya ndiyo tunayodai, nayo si makubwa.

Kila mahali pa kazi ya nje pawe na mtu mmoja wa kutazama mbingu, naye awe na firimbi. Akiona umeme, ahesabu mpaka ngurumo isikike. Kila sekunde 3 ni kilometa moja. Ikisikika kabla ya 30, radi iko ndani ya kilometa 10, na watu wote washuke. Kazi isianze tena mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Firimbi ikilia, amri yake iwe juu ya amri ya kapita.

Pawe na kimbilio lililojulikana tangu asubuhi. Kama hakuna nyumba wala gari, watu waache vyuma, washuke mahali pa juu, waepuke mti mrefu uliosimama peke yake, waachane mbalimbali, wala wasilale chini.

Jukwaa na mfereji vikaguliwe baada ya kila mvua, kabla mtu hajavigusa.

Saa za dhoruba zilipwe. Tunalisema dai hili kwa sauti, maana bila hilo mengine yote ni maneno ya karatasi. Mtu anayelipwa akishuka, atashuka. Mtu anayekatwa akishuka, atabaki mpaka afe.

Na sisi makarani tuandike kweli. Siku ya mvua iandikwe siku ya mvua, na ajali iandikwe ajali.

Madai haya hayatoki hewani. Sheria ile ile ya 2002 inamtaka tajiri alinde afya na usalama wa watu wake, na inataja kamati ya usalama na usafi mahali pa kazi. Mwezi wa Juni 2022, Shirika la Kazi la Ulimwengu huko Geneva liliweka usalama kazini kati ya haki za msingi za mfanyakazi, sawa na haki ya kutolazimishwa kazi. Kati ya kanuni zake imo hii: mtu aliyejitoa penye hatari kubwa iliyo karibu, kwa sababu ya haki, asiadhibiwe. Ulizeni kwenu: kamati iko wapi? Mjumbe wake ni nani? Kama haipo, chagueni watu, mwende pamoja. Mmoja akienda ataitwa mkorofi. Arobaini wakienda, watapewa viti wakae.

Babu zetu walifyeka barabara hii ya msitu wakati wa Wabelgiji, kwa kazi ya lazima, na hakuna aliyewauliza kama mvua inanyesha. Tarehe 30 Juni 1960 tuliambiwa kwamba siku zile zimekwisha. Lakini mtu anayeogopa daftari kuliko radi, siku zile bado zinamkalia shingoni.

Ndugu zetu, safari ijayo mtakaposimamishwa na kizuizi cha mvua, msikasirike. Mtazameni mlinzi yule na mti wake, halafu mwulizane ndani ya lori: kule ninakofanya kazi, mti kama huu uko wapi?