Dawa ya kibayolojia si kikombe cha Babu

Ndugu wakulima na wauza pembejeo, leo sizunguki.

Mkulima mmoja wa hapa Wasso alinijia analalamika kuwa dawa ya kibayolojia ni ya uongo. Amenyunyizia Bt kwenye misaipresi yake ya mpakani mara mbili, miti bado inakauka. Nilikwenda, nikakata tawi: limejaa vidukari. Dawa haikuwa ya uongo. Aliyemuuzia ndiye hakujua anachouza, au alijua akanyamaza.

Bt ni bakteria, Bacillus thuringiensis. Kiwavi lazima aile pamoja na jani. Inamharibu utumbo, anaacha kula, anakufa baada ya siku chache. Kidukari hali jani, anafyonza utomvu ndani ya tawi. Dawa asiyoila itamuuaje?

Mwaka 2011 watu walifurika Samunge kutafuta kikombe kimoja kwa magonjwa mengi. Kila mtu na imani yake, lakini kwa wadudu hakuna kikombe kimoja.

Wengine wanasema, "Basi tupige sumu kali tumalize." Mtamaliza nini? Kidukari wa msaipresi aliingia Malawi mwaka 1986, Tanzania 1988, Kenya 1990. Anashambulia hata mtarakwa, yaani oltarakwai wa misitu yetu. Wataalamu hawakutegemea pampu kumdhibiti. Mwaka 1994 huko Malawi waliachilia nyigu mdogo, Pauesia juniperorum, anayetaga yai ndani ya kidukari. Ukipiga sumu kali unaua wadudu rafiki kama huyo, unaua na nyuki wa mizinga yako. Vidukari huzaliana haraka, watarudi kabla ya adui zao. Hasara ni yako, faida ni ya muuza sumu.

Kwa hiyo:

1. Mkulima, kata tawi umwone mdudu kabla ya kutoa hela.
2. Ukikuta viwavi wadogo, Bt inafaa. Nyunyiza jioni, maana jua huiharibu, na majani yalowe vizuri. Usitegemee wafe siku hiyohiyo.
3. Ukikuta vidukari kwenye miche ya kitalu, tumia maji ya sabuni kidogo. Jaribu kwanza kwenye miche michache.
4. Muuza duka, usianike Bt dirishani juani. Na kabla ya kupokea hela, uliza: "Ni mdudu gani?" Kama hujui jibu lake, usiuze.

Tawi lenye mdudu lileteni ofisini. Kuliangalia ni bure. Kununua dawa isiyohusika ndiyo gharama.