Kabla ya Tathmini ya 2027, Tuanze kwa Kusimulia

Tarehe 11 Machi 2025, akiwa amelazwa katika Hospitali ya Gemelli mjini Roma, Hayati Papa Fransisko aliidhinisha mchakato wa kusindikiza na kutathmini utekelezaji wa Hati ya Mwisho ya Sinodi. Kwa mujibu wa ratiba yake, majimbo yatafanya mikutano ya tathmini katika nusu ya kwanza ya mwaka 2027, na kilele kitakuwa Mkutano wa Kikanisa mjini Vatikani, Oktoba 2028.

Basi parokia nazo zitaulizwa: mmejifunza nini? Hofu yangu ni kwamba swali hilo litajibiwa na katibu mmoja, usiku mmoja, kwa kuorodhesha semina zilizofanyika. Ripoti itapendeza, na jumuiya itabaki ilivyokuwa.

Sinodi yenyewe ilitumia njia nyingine, yaani Mazungumzo katika Roho. Baada ya sala na ukimya, kila mmoja husema kwa zamu yale aliyoyaishi, bila kukatizwa wala kujibiwa. Hufuata ukimya tena. Katika mzunguko wa pili mtu harudii hoja yake, bali hueleza kilichomgusa katika maneno ya wenzake. Mzunguko wa tatu ndio wa kupambanua pamoja. Mpangilio huo una sababu: asiyezoea kusema hupata nafasi sawa na mwenyekiti, na tukio husimuliwa kabla ya kuhukumiwa. Bwana, njiani kwenda Emau, aliyajua yote yaliyotokea Yerusalemu. Hata hivyo aliwauliza kwanza wale wawili, akawaacha wamalize kusimulia, ndipo akawafafanulia Maandiko.

Kwetu mahali pa kufanyia hayo papo tayari. Tangu miaka ya 1970 maaskofu wa AMECEA walizifanya jumuiya ndogondogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji. Lakini, tuseme kweli, mikutano mingi huishia kwenye michango. Jumuiya iliyokimbiwa na vijana hujadili namna ya kuwabana, isiwaulize ni lini hasa walianza kujiona wageni.

Hatulazimiki kusubiri 2027. Halmashauri ya parokia yaweza kuchagua tukio moja tu, mathalani ujenzi uliokwama, na kulipitia kwa mizunguko hiyo mitatu. Anayeongoza asiwe yule aliyesimamia ujenzi. Yaliyosemwa yaandikwe, na yasomwe tena mbele ya wote kabla ya kupitisha bajeti inayofuata.