Pilipili Kwenye Kucha

Mtoto anayeng'ata kucha hupakwa pilipili. Ndiyo dawa ya nyumba nyingi za Mpanda, kama ilivyo kwingineko nchini. Wengine hutumia shubiri. Usiku vidole vinapakwa, asubuhi mtoto anajisahau na kujifikicha macho, analia, na wakubwa wanaambiana kwamba sasa atakoma. Hakomi. Septemba ikifika na mtihani wa darasa la saba ukiwa mlangoni, vidole hurudi kinywani. Pilipili ikizidi ukali, wasiwasi hutafuta njia nyingine: atazungusha kifungo cha shati mpaka kikatike, au atatikisa goti chini ya dawati mpaka mwenzake amshtaki kwa mwalimu.

Toleo hili la jarida limetengewa vidole na magoti ya namna hiyo, ya watoto na ya watu wazima. Hoja yake ni kwamba kurudiarudia tendo moja ni njia ya zamani sana ya mwili kujituliza, kwamba jamii ya mkoa wa Katavi inazo njia hizo tele na baadhi yake inaziheshimu, na kwamba anayezikomesha kwa pilipili anamwadhibu mjumbe huku ujumbe wenyewe haujasomwa.

Ushahidi upo. Mwaka 2015 mtafiti Martin Lang na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio dogo lenye akili. Watu walionyeshwa kazi ya sanaa, na baadhi yao wakaambiwa wajiandae kuizungumzia mbele ya mtaalamu. Kabla ya hapo walipewa kitambaa wakaifute, mikononi wamevalishwa vifaa vya kupima mwendo. Waliokuwa na hofu ya kuhutubia walisugua pale pale, kwa mikupuo ile ile, tena na tena. Asiyejua litakalompata kesho anajua angalau mkono wake utafanya nini sekunde ijayo, na mwili hupata nafuu kwa hilo.

Miaka mitano baadaye Lang na wenzake walichapisha utafiti walioufanya Mauritius, kwa wanawake wa jamii ya Kimarathi. Wanawake hao walipewa kazi ya kuandika jinsi ambavyo wangejikinga na maafa ya asili, jambo lisilo la mchezo kwenye kisiwa kinachopigwa na vimbunga. Kundi moja likaenda hekaluni kufanya ibada liliyoizoea, jingine likaachwa likae lipumzike tu. Walioshika ibada yao ndio waliotulia zaidi, kwa maneno yao wenyewe na kwa vipimo vya moyo.

Nani atashangaa, Katavi? Huu ni mkoa wa kazi za kubahatisha. Mchimbaji mdogo wa Dirifu hajui kama duara analoshuka lina dhahabu au lina mawe matupu. Mvuvi wa Karema au Ikola, anayewasha taa usiku usio na mwezi ili dagaa wasogee, hajui upepo wa Ziwa Tanganyika utamkuta wapi. Mkulima wa mpunga wa Mpimbwe anaitazama mbingu. Bronisław Malinowski, aliyeishi visiwa vya Trobriand wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, aliona kwamba wavuvi wa huko walipovua kwenye maji tulivu karibu na kijiji hawakujisumbua na uganga wowote. Uganga ulianza walipotoka kwenda bahari kuu. Kwa hiyo mchimbaji akiwa na namna yake moja ya kufunga kamba, isiyobadilishwa hata siku moja, wasomi wa mjini wasiharakishe kumcheka.

Utulivu mwingine hauhitaji uganga. Mama anayepepeta mchele nje ya mashine ya kukoboa mjini Mpanda huanza kwa nguvu: ungo unarushwa, pumba zinapeperuka. Kisha mwendo unapungua. Ungo unainamishwa, unagongwa kwa kiganja, chenga zinajitenga upande mmoja, chuya zinasogea ukingoni na vidole viwili vinaziokota. Halafu anaanza upya. Anaweza kuendelea hivyo muda mrefu huku akimsimulia shoga yake habari za ada ya shule asiyokuwa nayo, na sauti isipande. Hakuna anayemwambia aache. Tofauti yake na mtoto wa kucha ni kwamba mwisho wa kazi yake kuna mchele.

Ndivyo pia kwa rozari, iliyofika Karema na Mapadre Weupe mwaka 1885, na kwa tasbihi, ambayo Mwislamu huihesabu thelathini na tatu kwa kila tamko baada ya sala. Mwaka 2001 Luciano Bernardi na wenzake walichapisha vipimo vya watu wazima 23 huko Italia waliosali Salamu Maria kwa Kilatini. Pumzi zao zilishuka hadi kama sita kwa dakika, wakati mtu mzima aliyekaa tu huvuta kumi na mbili au zaidi, na mwili ukamudu vizuri zaidi kurekebisha mapigo ya moyo. Anayesali anasali, hasali kwa ajili ya mapafu. Lakini mapafu nayo hufaidika.

Kisa kizito kuliko vyote mkoani ni cha Mishamo. Mauaji ya Burundi ya mwaka 1972 yaliwaleta wakimbizi wengi upande huu. Wengine wakawekwa Katumba, na mwishoni mwa miaka ya 1970 yakafunguliwa makazi ya Mishamo. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki alifanya utafiti huko mwaka 1985 na 1986, na kitabu chake kikatoka mwaka 1995. Jambo lililomshangaza ni masimulizi. Mtu baada ya mtu, nyumba baada ya nyumba, walimsimulia yale yale: asili yao, dhuluma, mauaji, safari ya kukimbia, kwa mpangilio ule ule na karibu kwa maneno yale yale, kama somo lililokaririwa. Mjini Kigoma, ambako wakimbizi wengine waliishi wakiwa wamechanganyika na wenyeji, hakuyakuta masimulizi ya namna hiyo.

Malkki aliyasoma masimulizi hayo kama siasa: watu wakijijenga kuwa taifa wakiwa ugenini, na mazingira ya makazi, yenye mipaka na vibali vya kutoka, yakisaidia kuwaunganisha. Maelezo yake yana nguvu na jarida hili halina sababu ya kuyapinga. Ila hayazuii kuona jambo la pili. Watu walionyang'anywa nchi, wasiojua watarudishwa lini au kama watarudishwa, walishika kitu kimoja kisichobadilika: mfuatano wa hadithi. Na kungoja kwenyewe hakukuisha upesi. Serikali ilifungua mlango wa uraia mwaka 2007, na vyeti vikaanza kutolewa Oktoba 2014, kwa watu zaidi ya 162,000. Katikati kulikuwa na miaka ya kutojua kama raia hao wapya wangeachwa walipo au wangehamishiwa mikoa mingine. Anayewaona wazee wa Katumba na Mishamo wakirudia kisa kile kile jioni baada ya jioni, na kuwaona wamechosha, afikirie miaka hiyo.

Upo upande mwingine wa sarafu, na hapa sarafu ni ya kweli. Mashine za kamari ambazo vijana huziita dubwi zimeenea katika miji ya Tanzania. Natasha Dow Schüll, aliyetafiti wacheza mashine za namna hiyo Las Vegas na kuandika kitabu mwaka 2012, aliambiwa na wachezaji wenyewe kwamba wengi hawachezi ili washinde. Wanacheza ili wabaki ndani ya ule mwendo wa kurudiarudia, ambamo deni, mke na kesho hupotea. Ni nafuu ile ile ya mpepeta mchele, ila hapa inauzwa, na bei yake hupanda kadiri mtu anavyoihitaji. Wazazi wanaohangaika na kucha za mtoto wa miaka kumi wangefanya vyema kumtazama kaka yake aliyesimama mbele ya mashine.

Si kila kurudia ni wasiwasi, hilo likubaliwe. Utafiti wa Montreal wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba wang'ata kucha na wachuna ngozi huhimizwa pia na uchovu wa kukaa bila kazi na hasira ya mambo kutokwenda. Mtoto mwenye usonji anayejipungiapungia mikono anajisaidia kwa njia yake na hapaswi kuchapwa kwa hilo. Kwa wengine, ambao mazoea yanawaumiza vidole, Nathan Azrin na R. Gregory Nunn walieleza njia tangu mwaka 1973: mtu afundishwe kutambua dakika mkono unapoanza safari, kisha aupe mkono kazi nyingine isiyoweza kufanyika pamoja na ile ya kwanza. Kazi hizo Katavi haina haja ya kuziagiza. Kusuka ukili, kuchambua maharage, kutunga shanga, zote zinafaa, na mwalimu anayemkabidhi mtoto mwenye hofu kipande cha kamba afunge na kufungua mafundo amemsaidia kuliko anayemchapa.

Kuna hatua ambapo ukili hautoshi. Yuko anayerudi mara ishirini kuhakikisha mlango umefungwa, na yuko anayerudia udhu mpaka jamaa wanatoa salamu ya mwisho naye bado yuko bombani. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 unahesabu kuwa ni ugonjwa pale mawazo na matendo hayo yanapokula zaidi ya saa moja kwa siku, au yanapomtesa mtu na kumharibia kazi na familia. Ugonjwa huo unatibika, kwa dawa kama fluoxetine na kwa mazoezi ya kuikabili hofu bila kulirudia tendo. Anayeugua huona aibu na huficha, na nduguze huficha pamoja naye. Wasifiche. Wampeleke Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Mpanda, na kama daktari ataandika rufaa ya Mirembe, Dodoma, waikubali mapema.